Karatasi ya Ruhusa ya Corinne

Lavigne, Wisconsin
Mei 17, 1971

Dada Odile,

Hujambo wewe, na Clem anaendeleaje na kifua chake? Sisi huku wazima. Norbert mgongo, lakini mgongo wa Norbert unauma tangu wiki tuliyofunga ndoa kwa hiyo hiyo hata si habari. Mwandiko wangu usiucheke. Kalamu ni ya Gayle wangu inavuja, na shule unajua niliacha mapema nikaenda kukunja mifuko kiwandani, wewe ndiye uliyebaki na vitabu.

Corinne wako kafika Jumamosi salama, akae nasi mpaka Septemba kama tulivyopatana. Weee, mtoto mrefu! Kashuka kwenye basi na ile shingo, nikadhani ni wewe umerudi na miaka kumi na saba. Norbert kasema, "Haya, sasa wako wawili, tumekwisha." Nimemweka chumba cha Gayle. Gayle kamwachia droo mbili na upande wa dirishani, hakuambiwa na mtu.

Ukumbini ni kelele tupu. Kikosi chetu cha ngoma na matarumbeta cha Mtakatifu Hubert kinatimiza miaka hamsini mwaka huu, basi padri keshatusimulia mara tatu jinsi wazee walivyorudi kutoka vita vya Ufaransa na matarumbeta ya jeshi, wakapika buya, ule mchuzi mzito wa kuku, kwenye sufuria la kufulia nguo, wakauza, wakanunua ngoma nne. Mara ya kwanza nililia. Mara ya tatu nilishona vifungo sita. Na sisi wasichana tuliokishika kikosi wakati wa vita vya pili, tulipoingizwa kwa kuwa wavulana wote walikuwa wameondoka, eti katupa sentensi moja. Moja, Odile! Hiyo ya keki waliyotupa mwaka 46 wakituambia asanteni rudini nyumbani, hata hakuitaja.

Kwa ajili ya hiyo hamsini watarudisha ule Wito. Unaukumbuka, wewe tena? Kikosi kizima kimya, mtu mmoja anatoka mbele na tarumbeta namba nane anaita peke yake, halafu ndipo ngoma zinaingia. Gayle anausubiri miaka mitatu. Alianza sauti ya tatu, kapanda ya pili, sasa ya kwanza. Kila mtu anajua mwaka huu ni zamu yake.

Sasa la Corinne. Bwana Jadin, huyu mwalimu wetu wa matarumbeta, anasema kwa kuwa Corinne alikuwa kikosi cha huko Iowa, chama cha jimbo kinataka karatasi ya ruhusa. Mkuu wa kikosi chake cha zamani aisaini, aseme wamemwachia na hakuondoka na koti lao. Ifike kabla ya Julai mosi. Bila hiyo gwaride za mtaani atapiga, lakini mashindano ya jimbo ya Agosti hatakanyaga uwanja. Nitumie mimi, nitampa Bwana Jadin mkononi.

Simu usipige. Laini tunagawana na Hermance wa jirani na anasikiliza mpaka tunavyopumua.

Mdogo wako,
Verna


Keokuk, Iowa
Mei 26, 1971

Mdogo wangu Verna,

Barua yako imefika, asante. Clem anakohoa lakini anaenda kazini. Mvua imenyesha siku nne, pipa la maji bustanini limejaa. Nyumba imekuwa kimya, sikujua saa yetu ya ukutani ina kelele hivyo.

Corinne ameniandikia karatasi mbili. Moja na nusu ni habari zako. Mama mdogo kapika hiki, mama mdogo kasema hivi tukacheka. Anasema unamsuka nywele kabla ya mazoezi ili kofia ikae. Mimi tangu afikishe miaka kumi na mbili hataki nimguse kichwa. Sijui wewe unamshika vipi.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya ruhusa. Bwana Tjaden, mkuu wa kikosi chao, ameisaini jikoni kwangu. Anakaa mlango wa tatu kutoka hapa, hakuchelewa. Kikosi chao chenyewe kimekufa, wamebaki watoto kumi na mmoja na basi halina injini. Nimeikunja nikaiweka katikati, juu yake kuna picha ya Corinne wa mwaka jana na pakiti ya vifungo vya kijani. Niliviona dukani nikakumbuka makoti yetu.

Usisahau kumwambia asilale na nywele mbichi.

Dada yako,
Odile


Lavigne
Juni 14, 1971

Dada Odile,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vifungo vimefika, vizuri sana, rangi ile ile! Kina mama wa Alhamisi, ninaoshona nao ukumbini, wameniuliza nimevitoa wapi nikawaambia nina dada. Na picha nimeiweka juu ya friji. Norbert kapewa zamu ya usiku kiwandani, kwa hiyo mchana tunatembea kwa vidole humu ndani. Delphine wa duka la nyama kaachana na yule wa magari, sasa yuko na kaka yake yule wa magari. Usiniulize, mimi nimesikia tu nikiwa kwenye foleni ya soseji.

Haya. Alhamisi walichagua wa kupiga Wito.

Si unakumbuka tunavyochagua? Bado ni vile vile, hawajabadilisha kitu. Watu wote wa matarumbeta wanageukia ukuta, na kina mama wanaoshona pia wanageukia ukuta, hakuna kuchungulia. Bwana Jadin anaita wanaojaribu, mmoja mmoja, bila jina. Wa kwanza anapiga. Wa pili anapiga. Halafu anasema nyoosheni mikono, nani anamtaka wa kwanza, nani wa pili. Kina mama wote pamoja wana kura moja, kama kila mpigaji. Ukishanyoosha ndipo unageuka.

Waliojaribu walikuwa wawili tu, Gayle na Corinne. Bwana Jadin ndiye alimwambia Corinne ajaribu, yeye hakutaka, nasema kweli. Gayle naye akamsukuma, "Nenda bwana, mimi peke yangu itakuwa aibu, nishindane na ukuta?"

Wa pili kapata mikono thelathini na nne. Tumegeuka, ni Corinne.

Basi nimefurahi. Nimemwambia kila mtu nimefurahi. Padri nimemwambia, Hermance nimemwambia, hata yule wa soseji. Ni mtoto wetu, damu yetu, eti si ndiyo? Gayle kasema "Sawa tu, mama," akaenda kunywa maji. Kanywa maji mengi.

Corinne kapewa namba nane kwenye sanduku lake. Ile karatasi ya majina bado imebandikwa ndani ya kifuniko, mtu akimaliza msimu jina lake linaandikwa. Lako lipo, 1945. Chini yake 1946 wameandika yule mvulana wa kina Baudhuin, tena kwa herufi kubwa kama amevumbua tarumbeta. Corinne kaisoma karatasi hiyo kwa sauti mbele ya watu wote, "Mama yangu huyu hapa!" Wakapiga makofi.

Pai za plamu zimeungua nikiwa nakuandikia. Haya kwaheri.

Verna


Keokuk
Juni 22, 1971

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimemsomea Clem. Nimemsomea na mama wa nyumba ya pili ambaye hajui hata tarumbeta inashikwa wapi. Binti yangu na namba nane! Hivi vitu viko kwenye damu, Verna, hakuna mwalimu anayeweza kukupa. Pole kwa Gayle. Mwambie mama yake mkubwa anasema sauti ya kwanza nayo ni heshima. Hata wewe zamani ungekuwa mzuri, ni pumzi tu hukuwa nazo.

Sasa nakuuliza kitu. Umenishukuru vifungo, umenishukuru picha. Karatasi ya ruhusa ilikuwa katikati yao. Umempa Bwana Jadin? Hukusema. Leo ni tarehe ishirini na mbili, zimebaki siku tisa.

Na jingine. Corinne wiki hii hakuandika. Wiki iliyopita aliandika kadi, mistari minne, na juu ameandika "Kwa mama wa Iowa." Huko kuna mama wa wapi mwingine? Usimzoeshe hayo.

Clem anakusalimu. Nijibu upesi.

Odile


Lavigne
Julai 6, 1971

Dada Odile,

Habari za siku? Sisi wazima, joto tu, mpaka kuku wa Hermance wanataga mayai karibu ya kuchemka. Nisamehe kuchelewa, gwaride la tarehe nne limetumaliza. Makoti arobaini na tisa kupiga pasi, Odile! Na kofia kila moja na unyoya wake, na kikosi cha Hubert hakiruhusu unyoya uliopinda, unakumbuka mama alivyokuwa anaunyoosha kwa mvuke wa birika. Nimeungua vidole viwili.

Corinne kapiga Wito mbele ya kanisa. Watu wamelia. Mzee Baudhuin mwenyewe, yule mvulana wa 46, sasa ana kitambi na meno ya kununua, kasema hajasikia kitu kama kile tangu wewe. Kaniambia mimi, kanishika mkono kabisa. "Verna, huyu ni Odile mtupu." Nikamwambia ndiyo. Nikaenda kuosha sufuria.

Sasa hilo la karatasi. Dada, bahasha yako ilifika imechanika pembeni. Vile vifungo vimeitoboa, si unajua posta wanavyotupa vitu. Vifungo nimevikuta, picha nimeikuta. Labda karatasi ilidondoka huko njiani. Mimi nilidhani utaituma peke yake baadaye, na kazi zilivyo nyingi nikasahau kuuliza. Tarehe mosi imepita.

Bwana Jadin kamwita Corinne juzi akamwambia mashindano ya jimbo hataingia. Mtoto hakulia. Kasema "Ndiyo bwana," kaenda nyuma ya ukumbi, kachukua kitambaa, kakaa juu ya ndoo akasugua matarumbeta ya wenzake yote. Yote, Odile, mpaka giza. Wito kapewa Gayle. Gayle kasema hautaki. Bwana Jadin kasema si suala la kutaka.

Bwana Jadin kaniambia nikuandikie hivi: kapiga simu chamani, wamesema kama ruhusa nyingine iliyosainiwa ikifika kabla ya Julai ishirini na tano watamruhusu, kwa sababu ya miaka hamsini. Basi nimekuandikia. Nimemwambia nitaandika na nimeandika.

Nywele halali nazo mbichi.

Verna


Keokuk
Julai 28, 1971

Verna,

Natumaini hamjambo. Nimechelewa kukujibu, Clem amekuwa mgonjwa, kifua, siku nyingi sikutoka nyumbani. Na Bwana Tjaden hayupo. Amekwenda ziwani kuvua samaki na hakuna anayejua atarudi lini. Bila yeye hakuna wa kusaini. Nilijaribu. Mwambie Corinne nilijaribu.

Ni bahati mbaya, lakini dunia haiishi. Kama hana la kufanya huko tena, mwambie arudi mapema, asisubiri Septemba. Chumba chake nimekipaka rangi, ya njano, ile aliyoitaka zamani. Pazia nimeshona jipya.

Mwambie pia mbwa anamtafuta.

Odile


Lavigne
Agosti 16, 1971

Dada yangu Odile,

Hujambo. Clem kapona? Norbert mzima. Leo sina habari za watu, hata zile nzuri nilizonazo nimeziacha, kwa hiyo utajua kuna jambo.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Tumekuwa wa tatu, na si vibaya. Kwenye ukaguzi jaji kapita na glavu zake nyeupe, kagusa vifungo, kageuza kola, kapangusa mpaka chini ya viatu, hakupata kitu. Kina mama wa Alhamisi tumeshikana mikono tukaruka kama watoto. Halafu tukapanda jukwaani, tukakaa mstari wetu, Hermance kulia kwangu na kapu lake la mayai ya kuchemsha.

Kikosi kimeingia. Kimya. Gayle katoka mbele na namba nane.

Odile, miaka mitatu nimesubiri kumwona mtoto wangu pale. Nadanganya. Nimesubiri tangu 1946. Mwaka ule ilikuwa zamu yangu. Wewe ulikuwa umeondoka kikosini, mimi nilikuwa nimefanya mazoezi msimu mzima wa baridi kwenye banda la ng'ombe mpaka midomo ikapasuka, halafu wakatupa keki wakafunga mlango. Sijawahi kukwambia kuhusu banda. Ulikuwa na mchumba, usingesikia.

Basi Gayle kainua tarumbeta. Na mimi nikaangalia getini. Pale kwenye uzio, nje, Corinne alikuwa amesimama na ndoo za maji ya kunywa, kaziweka chini. Kidole chake kilikuwa kinabonyeza hewani, kinafuata kila sauti anayopiga Gayle. Mashavu yanajaa, yanashuka. Anapiga bila tarumbeta. Gayle akivuta pumzi, naye anavuta. Hakununa, Odile. Ningetaka anune. Alikuwa anamsaidia.

Hermance kanipiga kiwiko. "Verna, si mtoto wako huyo anayepiga?"

"Ndiye."

"Sasa mbona unaangalia getini?"

"Jua linaniumiza macho."

"Jua liko nyuma yetu, mama."

Ngoma zikaingia, watu wakasimama, Wito umekwisha. Sijauona.

Baadaye Gayle kanikimbilia kwenye basi, jasho linamtoka, kanishika mabega. "Mama, umeniona?"

Nikasema, "Nimekuona, ulipendeza, na kofia yako hiyo ilikaa vizuri."

Kaniangalia. "Mama. Kofia ilianguka. Ilianguka mwanzoni kabisa, uwanja mzima ukaguna, nikapiga kichwa wazi mpaka mwisho."

Kaniachia mabega akaenda kukaa na Corinne nyuma ya basi. Na tangu Jumamosi ananiambia "ndiyo mama" na "hapana mama", basi.

Sasa nitaiandika upesi kabla mkono haujakataa. Karatasi ninayo. Bahasha haikuchanika. Iko kwenye kopo langu la vifungo, chini kabisa. Siku ilipofika niliiweka pale nimpe Bwana Jadin Alhamisi, nakuapia nilikuwa na nia hiyo. Halafu Alhamisi ile ndiyo walipochagua. Nikarudi nyumbani nayo mkobani.

Na kuna kitu sikukuandikia juu ya siku ile. Kura ya kina mama nilinyoosha mimi, mwaka huu ni mimi ninayeinyoosha kwa niaba yao. Nimegeukia ukuta, nasikiliza. Wa kwanza kapiga vizuri. Wa pili kapiga, nikasema moyoni huyu ndiye, huyu ni Gayle wangu, hakuna mwingine anayeweza, nikanyoosha mkono juu mpaka bega likalia. Nimegeuka, ni wako. Mtoto wangu ninayemsikia kila siku jikoni kwangu sikumjua, nikamnyima kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu. Na wote walikuwa wanajua ninavyomwaza. Wakanionea huruma. Delphine akanipa biskuti.

Basi nikaiacha karatasi kwenye kopo. Kila asubuhi nilisema leo. Nikienda kumsuka Corinne nywele ananiambia, "Mama mdogo, una mikono laini." Na bado.

Sijamwambia. Sasa anaomba abaki, asome mwaka wake wa mwisho huku, mwakani apige. Kaniuliza jana anaosha vyombo, sijamjibu, nikasema lazima niulize mama yako. Nikimwambia kweli ataondoka na hatanitazama tena, na Gayle naye ataondoka na roho yake hata kama mwili utabaki. Nisipomwambia atakaa hapa ananiita mama, na hilo haliwezi kunipita kooni. Niambie nifanye nini. Nitukane kwanza kama unataka, halafu uniambie.

Verna


Keokuk
Agosti 24, 1971

Verna,

Nimekutukana siku mbili, jikoni, kwa sauti. Clem akatoka nje. Yote nimeyasema na mengine sikujua kama ninayajua. Siyaandiki, karatasi haitoshi.

Halafu siku ya tatu nikaishiwa. Kwa hiyo nawe sikiliza.

Clem hakuugua. Clem ni mzima tangu Juni. Na Bwana Tjaden hajaenda ziwani, hajui hata kuvua, boti yenyewe hana. Barua yako ya Julai ilifika tarehe tisa. Siku kumi na sita zilikuwa zimebaki. Kila jioni nilimwona Bwana Tjaden akimwagilia nyanya zake, na kila jioni alinipungia mkono na kuniuliza, "Binti anaendeleaje na Wito wake?" Nikamjibu anaendelea vizuri. Ningevuka nyasi mbili na kalamu mkononi. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Sikuvuka.

Nilisema acha, akikosa kupiga atachoka huko atarudi. Nikanunua rangi ya njano. Nilikuwa napaka ukuta huku nahesabu siku zinazobaki mpaka tarehe ishirini na tano, na kadiri zilivyopungua nilipaka kwa furaha zaidi. Jambo hili hata padri sijamwambia. Wewe ulimnyima kwa ajili ya mtoto wako. Mimi nilimnyima mtoto wangu mwenyewe kwa sababu umemsuka nywele.

Na mwaka 46, waliponiambia wasichana mmerudishwa, nilifurahi. Nilikuwa nimeshavishwa pete, sina haja tena na kikosi, na bado nilifurahi kwamba jina linalofuata langu halitakuwa lako. Banda la ng'ombe nililijua. Nilikusikia. Ulikuwa unapiga vizuri kuliko mimi, ndiyo maana nilifunga dirisha.

Sasa la kufanya. Ijumaa hii nakuja na basi. Linafika hapo saa tisa na nusu mchana. Tutamweka Corinne kwenye kiti, na Gayle akae, ana haki ya kusikia. Wewe utasema lako na karatasi uitoe kwenye kopo uiweke mezani. Mimi nitasema langu. Halafu yeye ndiye ataamua alale wapi na asome wapi, na kama ni huko kwa Bwana Jadin au huku kwenye shule ya masista, hatutafungua mdomo, si mimi si wewe.

Ila usimwambie kabla sijafika. Nakujua. Utamsuka nywele, utalia kidogo, utaungama wa kwanza, atakusamehe wa kwanza, halafu mimi nitashuka kwenye basi nikute mbaya nimebaki peke yangu. Usithubutu, Verna. Njoo kituoni mwenyewe, watoto waache nyumbani, tutembee wote. Na mlangoni tunaingia kwa pamoja, wewe na mimi, hata kama itabidi tujipenyeze kiubavu.

Odile